Mbwa Aliyetusemea

Mwaka ule nzige walipoingia kwetu, upande wa Songwa, mimi nilikuwa ndio kwanza nang'oka meno ya utoto, na kazi niliyopewa ilikuwa kupiga debe. Baba alikuwa na debe moja la mafuta ya taa, tupu, alilopewa na Mhindi wa pamba. Akanikabidhi na mwiko uliokatika mpini, akaniambia, "Piga mpaka wachoke." Nikapiga. Kaka zangu walipiga ngoma, mama alipiga sufuria, majirani walipiga chochote kinacholia. Nzige hawakuchoka. Walikula mtama mpaka bua, wakala na majani ya paa, na jioni sisi tukawala wao, tumewakaanga kwa chumvi, na nisikudanganye, walikuwa watamu. Hata sasa mvua ikishuka kwa nguvu juu ya bati, mikono yangu inatafuta mwiko.

Debe lile lilitoka pale lina mabonde ubavuni kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mama hakulitupa. Likawa la maji, likawa la kupimia mtama, likawa la kuogeshea wadogo zangu. Nilipoolewa nilipewa vitu, vingi nimevisahau, lakini debe lile nilikwenda nalo kichwani, na ndilo lililokuja kuniambia habari mbaya kabla ya mtu yeyote. Ndiyo maana kila nikitaka kueleza habari ya mbwa naanza na debe. Nilisoma kwa mapadri darasa la kwanza na nusu ya la pili, halafu mto ukajaa na mwaka uliofuata baba akasema kusoma kumetosha. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na ninasema kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani.

Mume wangu alikuja kwetu kutafuta kazi ya almasi. Kazi hakupata, akanipata mimi, na wenzake walimtania njia nzima kwamba amechimba akatoka na jiwe la kawaida. Akarudi kwao, upande wa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, nami nikamfuata. Kwetu ni mbuga, unamwona mgeni anakuja tangu asubuhi na unakuwa umeshapika ndipo afike. Kule ni vilima na mawe na vichaka, mtu anakutokea mlangoni ghafla kama ametoka ardhini. Nilichukua muda mrefu kuzoea kushtuka.

Nyumba niliyoingia ilikuwa na watu wachache. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufariki. Mume wangu alikaa kambini mgodini na kuja mwisho wa mwezi. Tuliobaki ni mimi, mwanangu wa kwanza ambaye alikuwa bado mgongoni, na baba mkwe, mwenye nyumba yake ndogo upande wa pili wa ua.

Sasa, baba mkwe na mkamwana, kwetu Usukumani na kwao Wazinza vilevile, hawatazamani usoni. Mkamwana hapiti mbele ya mkwe, hali mbele yake, wala hawasemezani mdomo kwa mdomo. Chakula nilikipeleka nimepiga magoti, nimegeuza uso, nakiweka mlangoni na kurudi kinyumenyume. Kwenye nyumba yenye watu desturi hiyo haina shida, maana yuko mama mkwe, wako mawifi, wapo watoto wa kutumwa. Nyumbani mle hakuwapo hata mmoja. Alikuwapo mbwa.

Alikuwa jike, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Baba mkwe alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Hakukubali kwamba haoni. Alimfunga mbwa kamba, akaizungusha kamba kwenye kiganja, na wakienda kwenye pombe au kwenye mizinga yake ya nyuki, watu walijua nani anamwongoza nani, ila yeye alisema mbwa huyu ni mtoro, ukimwachia anapotea.

Na mbwa huyo ndiye aliyepokea maneno yetu. Baba mkwe aliketi mlangoni kwake, mimi niko jikoni, mbwa katikati.

"Wewe mbwa," anasema, "muulize huyo aliyepika, chumvi ya leo imekwenda nyumba gani, maana yetu haijafika."

"Wewe mbwa," nami najibu, "chumvi imekwisha tangu juzi, na aliyeahidi kupitia dukani alipitia kwenye pombe."

Atacheka mpaka akohoe. Kizinza nilikuwa sikijui, Kisukuma yeye alikijua cha kutukania ng'ombe tu, kwa hiyo mbwa wetu aliambiwa kila kitu kwa Kiswahili, Kiswahili cha amri amri alichojifunza baba mkwe alipobebeshwa mizigo ya vita vya kwanza. Asubuhi alisema, "Wewe mbwa, mwambie mjukuu wangu marahaba," hata kabla mtu hajamwamkia. Nilikuwa sipendi mbwa. Kwetu mbwa ni wa kulinda ng'ombe, hana la zaidi. Lakini huyu nilimwita mbele ya nyumba yangu mara nyingi nikiwa sina la kumtuma, kwa sababu ya ukimya.

Basi mbwa yule akazaa, chini ya ghala, watoto watatu. Hata kabla hawajafumbua macho baba mkwe alikuwa ameshawatolea ahadi wote. Mmoja alikuwa wa jirani yetu mjane, mama wa watoto wawili wadogo, ambaye fisi walikuwa wanamaliza mbuzi zake. Wa pili, wa mchimbaji mmoja rafiki wa mume wangu, mtu wa kusini, Mkristo, aliyekaa kambini na mke na mtoto mchanga. Wa tatu alikuwa wa mwenye duka, Mwislamu aliyezaliwa Tabora, aliyetuma maneno akisema, "Mate ya mbwa sitaki yanifike, lakini wezi nao sitaki."

Kazi ya kuwalea ilinijia mimi, na jinsi ya kuifanya niliambiwa kupitia kwa mama yao. "Wewe mbwa, mwambie huyo asiwape watoto majina, jina watapewa huko waendako." "Wewe mbwa, mwambie tumbo likiwa gumu kama kibuyu ni minyoo, awape uji mwepesi." Niliwaogesha maji ya tumbaku kwa ajili ya viroboto. Niliwafundisha kula kwenye kigae, uji wa mtama na maziwa ya mgando, nawachovya pua mpaka wakaelewa kwamba kinachonuka ndicho kinacholiwa.

Jambo kubwa lilikuwa vitambaa. Kule kwa wakwe zangu mtoto wa mbwa haondoki mpaka ajue anakokwenda. Anayemtaka analeta kitu cha nyumbani kwake chenye jasho na moshi wa kwake, na mtoto anakilalia wakati wote anaponyonya na kukua. Mjane alileta kipande cha kaniki. Mchimbaji alituma shati lenye vumbi la mawe ambalo hata ukilikung'uta halitoki. Mwenye duka alituma gunia la chumvi. Kila mtoto na chake, kila mmoja kwenye tenga lake. Siku ya kuondoka kitambaa kinawekwa upande wa pili wa ua na mtoto anaachiwa. Akienda mwenyewe akakilalia, ameshajua kwao, anafunikwa asione njia, anachukuliwa. Asipokwenda hapewi mtu, hata aliyeahidiwa akasirike vipi, maana atatoroka na fisi watamkuta porini. Aliyemchukua anaacha chumvi kiganja kimoja. Mbwa hanunuliwi.

Watoto walikuwa wameanza kukimbia wakianguka ndipo bweha alipokuja.

Nilikuwa napalilia mihogo nyuma ya ghala, mwanangu mgongoni. Baruti za mgodini zilikuwa zimeshalia, maana yake ni mchana. Baba mkwe alikuwa kwenye pombe ya jirani, mahali karibu alipojua kwenda kwa fimbo peke yake. Nikainua kichwa nikamwona bweha amesimama uani, kwenye jua, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Bweha ni mnyama wa aibu. Huyu hakuwa na aibu. Shingo ilikuwa imepinda, udelele unamshuka, akawa anaelekea chini ya ghala kwa hatua za mlevi.

Mbwa alitoka kama jiwe la kombeo. Waliviringishana mbele ya matenga, sikusikia bweha akilia hata mara moja, jambo lililonitisha kuliko meno yake. Nilirusha jembe. Bweha akajitoa, akaenda zake kwa hatua zilezile za mlevi, akagonga nguzo ya ghala, akaingia vichakani. Mbwa akarudi kwa watoto wake. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka unavuja damu, na akaanza kuwaramba watoto.

Kwetu mbugani nilishawahi kuambiwa na baba: bweha akija mchana, usimpigie kelele, kimbia, na mbwa aliyeng'atwa naye si wako tena. Nilimwona ng'ombe wa ami yangu aliyeng'atwa na mbwa wa namna hiyo. Sitaeleza alivyokufa.

Nikamfukuza mbwa kwa fito. Nikawabeba watoto na matenga yao nikawaingiza nyumbani kwangu. Nikawapapasa mmoja mmoja, manyoya nyuma na mbele, chini ya mikia, ndani ya masikio, natafuta jeraha lolote ambalo jino au ulimi ungepitia. Sikuona kitu. Nikawaosha kwa maji ya moto na majivu mpaka wakalia. Nikafunga mlango, na mbwa akalala nje ya mlango akilia.

Hapo ndipo nikafahamu shida yangu. Lazima nimwambie baba mkwe. Na wa kupeleka maneno ni yuleyule mbwa.

Baba mkwe alirudi jua likiwa bado juu. Nilichukua mtoto mmoja wa mbwa, yule aliyeahidiwa mjane, nikasimama naye mlangoni, nimegeuza uso ukutani.

"Wewe mtoto," nikasema kwa nguvu, "mama yako leo amepigana na bweha. Bweha wa mchana. Ana udelele. Amemng'ata mdomoni. Nimeona kwa macho yangu."

Nilisikia fimbo yake ikichora chini.

"Wewe mtoto," akasema baadaye, "mwambie huyo kwamba miiba nayo hupasua mdomo."

"Wewe mtoto, mimi mwiba na bweha navijua."

"Mwambie kwamba huyu mbwa alinitoa mtoni maji yakiwa kifuani. Mwambie mbwa huyu si wa kuuawa kwa sababu ya bweha aliyeonekana na mtu mmoja." Kisha akamwita mbwa, mbwa akaenda, akampapasa mdomo kwa vidole vyake. Nilitaka kumwambia asiguse. Ulimi ukakataa, desturi imekaa mdomoni kama kizibo.

Majuma yaliyofuata simtakii hata adui yangu. Mbwa alionekana mzima. Jeraha lilipona. Asubuhi alikwenda na baba mkwe kwenye mizinga, kamba imezungushwa kiganjani, nami naangalia ile kamba mpaka inapotelea vichakani na sikuweka jembe chini mpaka nilipoiona inarudi. Watoto niliwafungia ndani, nikawalea kwa maziwa ya mbuzi. Walipiga kelele wakisikia mama yao yuko nje. Mwanangu sikumshusha chini, akawa anatambaa kitandani tu, na magoti yake yakabaki laini kama ya mtoto wa tajiri.

Na kila asubuhi nililijaza maji lile debe la nzige, nikaliweka uani. Baba alikuwa ameniambia mbwa mgonjwa huyaogopa maji. Mbwa anakwenda, nasikia ulimi wake ukilamba, maji yanashuka mpaka kwenye bonde la kwanza la debe, halafu la pili. Nikiona yameshuka napumua. Nikawa siku nzima naishi kwa yale mabonde.

Baba mkwe alijua nafanya nini. "Wewe mbwa," alisema, "mwambie aliyefunga mlango kwamba unakunywa kuliko yeye."

Lakini watoto walikuwa wamekua, na ahadi ni ahadi. Kupona kwa mdomo wa mama yao hakukunipa raha. Je, kama na wao wameshapokea kwa ulimi ule? Wote watatu walikuwa wanakwenda kwenye nyumba zenye watu, mbili kati ya hizo zina watoto wadogo. Na mimi siwezi kutangaza. Kusema mbwa wa baba mkwe ana kichaa, wakati yeye mwenyewe amekana, ni kumvua nguo mbele ya majirani. Kumtumia mume wangu habari mgodini nilijaribu. Nilimwambia dereva wa lori la kuni, naye sijui alimfikishia nani, na mwisho wa mwezi mgodi haukumpa mume wangu ruhusa ya kuja.

Siku moja mjane akaja na watoto wake wote wawili, wadogo, wanarukaruka. "Mwangaluka," akanisalimia Kisukuma changu, kwa utani, maana alikuwa mcheshi. "Nimekuja kumchukua mlinzi wangu. Jana fisi kachukua mbuzi mwingine na hakuaga."

"Bado, dada," nikasema.

"Bado nini, ameshakuwa mkubwa hivi? Unataka kumwozesha?"

Baba mkwe alikuwa mlangoni kwake, mbwa miguuni. "Mlete," akasema kumwambia mjane, si mimi. "Waambie wamlete mtoto, tuweke kaniki."

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu juma lililopita nilibadilisha vitambaa. Kaniki ya mjane niliichomeka kwenye paa juani. Mtoto wake nilimlaza kwenye gunia la chumvi, wa dukani nilimlaza kwenye shati la mchimbaji, na wa mchimbaji nilimpa mkeka wangu. Sikuona njia nyingine ya kuwazuia bila kufungua kinywa.

Mbwa akafungwa kwenye nguzo. Kaniki ikawekwa upande wa pili wa ua. Nikamwachia mtoto. Watoto wa mjane wakamwita kwa mikono, "Njoo, njoo." Akaenda hatua chache, akanusa kaniki, akapiga chafya, akarudi kukaa juu ya mguu wangu.

"Huyu mbona hanijui?" mjane akauliza. "Nililala na kaniki ile mwaka mzima. Hata marehemu mume wangu alinijua kwa hiyo." Akaiokota, akampelekea baba mkwe. "Hebu baba, wewe ndiye mwenye kazi hii. Nieleze."

Baba mkwe akaichukua kaniki. Macho yake hayakuona, lakini pua yake ilijua mzinga upi una asali bila kupanda. Akaiweka usoni. Nami nilijua kaniki ile inanuka nini. Inanuka jua na nyasi za paa. Mtoto wa mbwa hajailalia.

Akaigeuza, akainusa tena. Nilihesabu nguzo za ghala, sina lingine la kufanya. Kama angesema alichokinusa, basi watoto wangekwenda, na mimi ningekuwa mkamwana aliyeharibu ahadi ya mkwe.

"Haijaiva," akasema. "Rudi baadaye."

"Baadaye lini? Fisi nimwambie naye angoje?"

"Mwambie."

Mjane akacheka bila furaha. "Basi mnafuga mbwa wajinga." Akachukua watoto wake akaenda, mdogo analia kwa sauti njia nzima.

Tulibaki. Mbwa alifunguliwa.

"Wewe mbwa," akasema, "mwambie huyo kwamba mtoto wa jicho hajaingia puani." Akakohoa, lakini haikuwa kicheko. "Na mwambie lile alilolisema siku ya bweha nililisikia. Nililisikia siku ileile."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kusemwa na mtu kwa mtu.

Mvua zikakatika. Tarishi wa mtemi akapita na baragumu akitangaza: kuna kichaa, ng'ombe wamekufa upande wa mgodi, kila mbwa afungwe, na atakayeonekana kubadilika askari watakuja na bunduki. Baba mkwe alisikiliza amekaa na mbwa ameegemea goti lake. Kesho yake asubuhi, alipokuwa anamvalisha kamba, nilisikia sauti fupi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikatoka jikoni.

"Nimejikwaa," akasema, hakusema kwa mbwa wala kwa mtu. Aliingia ndani. Siku ile hawakwenda kwenye mizinga.

Nilimpelekea ugali. Nilipogeuza uso, kwa chini ya kope, niliona mkono wa kushoto ukitoka kupokea sahani. Mzee wa umri ule haombi wala hapokei kwa kushoto. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka chini ya shuka.

Asubuhi iliyofuata maji kwenye debe yalikuwa yamejaa kama nilivyoyaacha. Mbwa alikuja, akainamisha kichwa, koo likaruka kama limevutwa na kamba, akarudi nyuma. Akaja tena. Akarudi tena. Akajaribu kubweka na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaingia ndani kwa watoto wa mbwa, nikatia komeo.

Niruke kidogo hapa, maana najua msomaji anawaulizia. Watoto wale walipona wote watatu. Nilikaa nao ndani mpaka mvua za mwaka mwingine zilipoanza, wakaharibu kila kitu nilichokuwa nacho, na hakuna aliyebadilika. Nikawarudishia vitambaa vyao, na siku ya kuondoka kila mmoja alivuka ua mwenyewe, wa mjane alikimbia mpaka akaipitiliza kaniki. Wa dukani alizeeka pale dukani, na mwenye duka, aliyesema hataki mate yake, alikuwa anamtafutia mfupa buchani na kumtupia kwa kijiti. Mume wangu na wenzake walitafuta vichaka vyote mpaka upande wa ziwa, hawakuona kitu, hata kipande cha kamba. Lakini hayo ni ya mbele. Asubuhi ile mimi niko nyuma ya mlango.

Nikasikia hatua zinavuka ua. Baba mkwe hakuwahi kuvuka ua kuja upande wangu tangu nilipoingia nyumba ile. Nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, amenigeuzia mgongo kama desturi inavyotaka. Mbwa alikuwa kwenye kamba ndefu, mdomo umefungwa kwa ukanda wa ngozi. Kamba ameizungusha kwenye mkono wa kulia, na mkono huo ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kina damu iliyokauka.

"Ninyi watoto," akasema. Alikuwa anasema na watoto wa mbwa. "Mwambieni huyo mliye naye, uji wenu asiupunguze. Na mjukuu wangu asikanyage kwenye kizingiti changu mpaka papigwe moto."

Watoto wakaanza kulia kwa kuisikia harufu ya mama yao. Nikainama, nikamshika mmoja, nikamsemesha karibu na ufa.

"Mwambieni babu yake mwanangu kwamba askari wakisikia watakuja na bunduki. Aache kamba. Akae ndani."

"Mwambieni bunduki ile ni ya mbwa mmoja," akasema. "Sisi tuko wawili."

Nilitoa komeo. Mwanangu mgongoni, mtoto wa mbwa mkononi, nikatoka mpaka kizingitini, nikamtazama mgongo wake waziwazi, kisogo chake cha mvi, masikio yake.

"Baba," nikasema.

Akasimama vilevile, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza iwapo mvua inakuja. Niliona taya lake likisogea. Mbwa alikuwa anavuta kuelekea machweo, halafu anasita, halafu anavuta. Yeye akaivuta kamba mara moja, wakaanza kwenda, wakapita debe, wakapita ghala, wakapita kwenye mihogo. Fimbo aliiacha imeegemea ukuta wa nyumba yake. Kwenye mawe hakujikwaa. Nilisimama pale mpaka vichaka vikafunga nyuma yao, na hakurudi.